Springi ya shaba kwenye kaushio la dagaa: shajara ya mradi

10 Februari

Tunatafuta kitu kimoja: springi itakayofungua dirisha la kaushio la dagaa joto likizidi na kuliacha lijifunge joto likishuka, bila umeme, bila betri, bila mtu kukaa pale analinda. Springi hiyo tunataka itengenezwe hapa hapa Mwanza, kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya shaba yenye kumbukumbu ya umbo. Profesa ninayefanya kazi chini yake ametafiti aloi hizi kwa miaka mingi, zaidi kwa sampuli ndogo za maabara na maandiko ya kitaaluma. Safari hii ameamua zishuke mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki.

Anayejua dagaa wa Ziwa Victoria anajua shida ilipo. Samaki wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, asubuhi wanamwagwa juu ya mchanga, mawe au chanja, na kuanzia hapo kila kitu kinategemea jua. Mvua ikinyesha saa sita mchana, mzigo umekwenda. Kaushio la jua, yaani chanja iliyofunikwa kwa nailoni inayopitisha mwanga, linazuia mvua, mchanga na nzi, lakini linaleta tatizo jingine. Jua likiwa kali, hewa ya ndani inapanda mno. Dagaa anaanza kuiva badala ya kukauka, ngozi yake inakakamaa na kufungia maji ndani, kisha ukungu unaingia gunia likiwa tayari liko ghalani. Mtu akifungua dirisha kwa wakati, tatizo linakwisha. Ila huyo mtu ana kazi nyingine kumi.

Ndiyo maana nimeipenda aloi hii kuliko kifaa kingine chochote tulichokijadili. Kinachohisi joto, kinachoamua na kinachosukuma vyote vimo ndani ya waya mmoja.

Nieleze kwa kifupi inavyofanya kazi, kwa sababu wanafunzi wapya watasoma shajara hii. Chuma cha kawaida ukikikunja kupita kiasi, atomi zake zinateleza na kubadilishana majirani, na haziwezi tena kurudi zilikotoka. Aloi hizi haziko hivyo. Zikiwa na joto, atomi zimesimama katika mpango mmoja unaoitwa austeniti. Zikipoa, mpango wote unainama kwa pamoja na kuwa martensiti, jina lililotokana na Mjerumani Adolf Martens. Martensiti ni laini. Ukiivuta, sehemu zilizoinama huku na zilizoinama kule zinageukia upande mmoja, umbo linabadilika, lakini kila atomi bado iko na jirani yake yule yule. Ni kama kanga iliyokunjwa: ikunjue, kila uzi uko pale pale ulipofumwa. Ukipasha joto, mpango wa mwanzo unasimama tena na waya unarudi kwenye umbo lake kwa nguvu inayoweza kufanya kazi.

Wa kwanza kuona dalili za tabia hii alikuwa Arne Ölander wa Sweden, mwaka 1932, katika aloi ya dhahabu na kadmi. Nilipomwambia fundi mmoja aliyetokea Geita, kwenye migodi ya dhahabu, kwamba mambo haya yalianzia kwenye dhahabu, alinitazama kwa muda mrefu, halafu akataka kuelezwa upya tangu mwanzo.

24 Februari

Mjadala wa aloi ipi umechukua wiki mbili, na umekuwa mzuri.

Aloi maarufu kuliko zote ni nitinoli, ya nikeli na titani. William Buehler aliianza mwaka 1959 katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, na jina lenyewe limebeba herufi za nikeli, titani na maabara ile. Mwaka 1961, katika kikao, kipande chake kilichokunjwa mikunjo mikunjo kilipitishwa mezani ili wakubwa waone kinavyovumilia kukunjwa. Mmoja wao, David Muzzey, akakichomea moto wa kiberiti chake cha kiko, na kipande kikajinyoosha mbele ya macho yao. Leo nitinoli imo ndani ya mishipa ya damu ya wagonjwa ikishikilia njia iwe wazi, na imo midomoni mwa watoto wanaonyooshwa meno.

Waya wa kunyooshea meno ndio ulitupatia sampuli zetu za kwanza. Daktari wa meno alitupa mabaki yanayokatwa mwishoni mwa kazi. Tuliuchovya kwenye maji ya barafu, ukalegea ukakubali kila mkunjo. Tukautia kwenye maji ya moto, ukaruka na kurudi upinde wake. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakutaka kutoka maabara.

Nitinoli ina sifa zote. Inarudisha mvuto wa hadi asilimia 8 hivi, na haili kutu kwa urahisi kwa sababu titani hujivika utando wa oksidi. Hata hivyo tumeiacha. Titani iliyoyeyuka inanyakua oksijeni, kwa hiyo kwa kawaida huyeyushwa ndani ya ombwe, yaani pasipo hewa, na tanuru la ombwe hatuna. Halafu vipimo vyake havisamehe: nikeli ikiongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia, joto la mpito, yaani lile ambalo martensiti na austeniti hubadilishana, linashuka kwa takribani nyuzi 10. Mwanafunzi mmoja aliuliza kwa nini tuogope wakati nikeli tunayo Kabanga, kule Ngara. Swali zuri. Lakini mwamba wenye nikeli ni jambo moja, na nikeli safi iliyokutana na titani safi ndani ya ombwe ni jambo jingine kabisa. Springi ya nitinoli tungeiagiza ng'ambo, na siku ikivunjika mwaloni, kaushio lingekaa likisubiri kifurushi.

Kwa upande wa shaba kuna njia tatu zinazojulikana. Shaba, zinki na alumini: rahisi kwa bei, lakini zinki huchemka kwa nyuzi 907 na shaba huyeyuka kwa nyuzi 1085, kwa hiyo sehemu ya zinki inapaa na moshi na hujui umebaki na nini kwenye chungu. Shaba, alumini na nikeli: inavumilia joto kubwa, lakini punje zake, yaani fuwele zinazoiunda, ni kubwa na inapasuka kwenye mipaka ya punje ukijaribu kuifanya waya. Shaba, alumini na manganizi: hii, alumini ikiwa kidogo, inakubali kuvutwa na kukunjwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, ndio walioikuza, na mwaka 2013 walionyesha kwamba kuipasha na kuipoza kwa mzunguko kunaweza kukuza punje moja ikawa kubwa mno, jambo linaloiongezea uwezo wa kurudi.

Profesa alisikiliza wote, kisha akasema chagua ile ambayo fundi wa hapa anaweza kuirudia bila sisi. Tumechagua shaba, alumini na manganizi.

12 Machi

Malighafi. Shaba ipo kwa wauza vyuma chakavu, lakini Profesa ametoa sharti moja ambalo halijadiliwi: hatununui waya usio na risiti wala maelezo ya ulikotoka. Nyaya zinaibwa, na utafiti wetu hauwezi kusimama juu ya mtaa uliowekwa gizani. Tumechukua mabaki ya nyaya kutoka kwa mafundi umeme wa majumbani na koili za mota zilizoungua kutoka karakana ya kusuka mota. Za mota zina vanishi, tumeichoma kwanza na kusugua.

Alumini ya sufuria zilizotoboka tumeikataa. Ina silikoni na mengine ndani yake, na aloi yetu haitaki wageni. Tumetumia moyo wa waya mnene wa umeme, ambao ni alumini karibu tupu.

Manganizi ndiyo pekee tuliyoagiza. Imefika ikiwa magamba mepesi ya rangi ya fedha yenye kutu ya kahawia pembeni. Imehifadhiwa kwenye chupa iliyokazwa.

25 Machi

Leo tumesubu: tumeyeyusha aloi na kuimimina kwenye kalibu.

Mpangilio uliotufaa: shaba kwanza kwenye chungu cha grafiti, ikiwa imefunikwa kwa vipande vya mkaa ili hewa isiiguse. Ikishayeyuka, manganizi inaingia kidogo kidogo. Manganizi yenyewe huyeyuka kwa nyuzi 1246, zaidi ya shaba, lakini haihitaji kufika huko. Inayeyukia ndani ya shaba kama inavyopaswa ukiwa na subira na fimbo ya grafiti ya kukorogea. Alumini inakuja mwisho. Hapa panahitaji mtu aliyetulia, kwa sababu alumini ikikutana na shaba ya moto hutoa joto lake yenyewe na chungu kinang'aa ghafla kuliko kilivyokuwa. Pia ni nyepesi, inataka kuelea, kwa hiyo inasukumwa chini na kukorogwa.

Kalibu ya chuma tuliipasha kabla. Sakafu ilikuwa kavu kabisa: tone moja la maji chini ya aloi iliyoyeyuka linaruka kama risasi, na fundi wetu mkuu wa karakana haruhusu hata ndoo ya kunywea maji iingie mlangoni siku ya kusubu. Nimeandika hili kwa herufi kubwa kwenye ukuta wa karakana pia.

Fimbo zimetoka na rangi ya dhahabu iliyofifia, zinapendeza. Kwa uzito tulilenga alumini asilimia 8 na manganizi asilimia 10, shaba iliyobaki.

Kupima kilichomo kweli ni kazi ya pekee. Mwanza ni mji wa dhahabu, na mashine ndogo za mionzi ya eksi za kupimia madini zipo kwa wanunuzi. Mmoja alitupimia bure. Mashine ile inasoma shaba na manganizi vizuri, ila alumini, kwa kuwa ni nyepesi, inaisoma vibaya. Tumeamua kuamini mizani yetu na kumwachia shahidi mkali zaidi: joto la mpito lenyewe. Manganizi au alumini ikizidi, joto hilo linashuka, ikipungua, linapanda. Aloi itatuambia yenyewe ilivyo.

8 Aprili

Mvua, na umeme wa kukatika. Tanuru la umeme haliwezi kuachwa katikati ya safari, kwa hiyo tumesogeza kazi ya kupasha hadi usiku. Nimesoma, nimechora dirisha upya.

22 Aprili

Hii ndiyo sehemu ya mradi niliyoifurahia kuliko zote hadi sasa.

Tulikuwa na fimbo nene na tunahitaji waya wa milimita 2. Mashine ya kuvutia waya hatuna. Profesa akakumbuka kwamba masonara huvuta waya wa dhahabu kila siku kwa sahani ya chuma yenye matundu yanayopungua, kwa hiyo tukaenda kwa sonara mmoja mzee katikati ya mji. Aliishika fimbo, akaikwaruza kwa tupa, akaigonga kwenye meza akaisikiliza, akasema, "Hii ina ukali, lakini inasikia. Mtaipasha mara ngapi?"

Hilo ndilo swali lenyewe. Aloi hii ikipashwa kwenye nyuzi 600 hivi, inakuwa na mchanganyiko wa mipango miwili ya fuwele, mmoja mgumu na mmoja laini, na ule laini ndio unaoruhusu kuvutwa. Ukivuta, inakaza. Unaipasha tena inalegea. Sonara hakuhitaji somo la fuwele. Mkono wake ulimwambia lini waya umechoka na unataka moto. Mwanafunzi wetu wa uzamili alikaa naye akiandika kila tundu na kila kupasha. Karatasi ile sasa ni sehemu ya taratibu zetu rasmi, na jina la kazi ya sonara litatajwa katika andiko letu kwa namna atakayoridhia mwenyewe.

Waya ulipofika milimita 2 tuliuzungushia kwenye fimbo ya chuma, tukaufunga usitoroke, tukaupasha karibu nyuzi 900 kwa robo saa na kuutumbukiza papo hapo kwenye maji baridi. Kutumbukiza huku si mapambo. Ule mpango wa fuwele wenye kumbukumbu unaishi kwenye joto kubwa tu. Aloi ikipozwa polepole inajigawa katika mipango mingine isiyokumbuka chochote. Ili wanafunzi waone kwa macho, tuliacha kipande kimoja kipoe ndani ya tanuru. Kimetoka na rangi ile ile na uzito ule ule, na ukikikunja kinabaki kimekunjika, hata ukikichemsha.

Chini ya hadubini, baada ya kung'arishwa na kuguswa kwa asidi, kile kilichotumbukizwa kinaonyesha sindano za martensiti zimepangana kwa mistari. Profesa alimwita hata mhudumu wa usafi aje aone.

6 Mei

Kabla ya kupima springi tulihakiki vipimajoto: barafu kwanza, halafu maji yanayochemka. Wanafunzi wawili wakataka kukitupa kipimajoto kwa sababu kilisoma 96. Kipimajoto ni kizima. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji huku huchemka takribani kwenye nyuzi 96. Anayehakiki kwa kufuata kitabu kilichoandikwa pwani ataharibu vipimo vyake vyote vya juu.

Springi ya kwanza, ndani ya sufuria ya maji yanayopashwa polepole, ikiwa imebanwa na uzito: ilianza kunyanyua karibu na nyuzi 47 na kumaliza karibu na 56. Katika kupoa ilianza kulegea karibu na 43 na ikalala kabisa kwenye 34 hivi. Hiyo tofauti kati ya kwenda na kurudi ipo katika aloi zote za aina hii, na kwetu ni baraka. Kama dirisha lingefunguka na kufungwa kwenye joto lile lile, lingekuwa linapiga piga mchana kutwa.

Tumeamua pia swali la nani anairudisha springi. Aloi inakumbuka umbo la moto peke yake. Ikipoa inalegea tu, lazima kitu kiisukume. Wengine huweka springi ya pili ya chuma. Sisi tumeacha uzito wa dirisha lenyewe ufanye kazi hiyo: springi ikipata moto inarefuka na kuinua bati, ikipoa inalegea na bati linaikandamiza. Kitu kimoja pungufu cha kuharibika.

18 Mei

Igombe, siku mbili baada ya mwezi mwandamo, wakati dagaa wamejaa mwaloni. Tumefunga springi kwenye kaushio la kikundi cha akina mama wachakataji.

"Shikamoo mama," nilimwamkia mwenyekiti.

"Marahaba mwanangu. Na huyu ndiye profesa? Karibu mwalimu, karibu. Mmeleta na feni?"

Profesa akamweleza kwamba hakuna feni wala betri. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Waliwahi kuletewa kaushio lenye feni na betri. Betri ilikufa, walioileta hawakurudi, na sasa kuku wanatagia mle. Nililiona lile kaushio: mlango bado una rangi nzuri.

Maswali yake yalikuwa makali kuliko ya kamati yoyote iliyowahi kutupitisha. Ikivunjika nani anatengeneza? Jioni upepo wa ziwa ukija na unyevu, litafungwa? Mvua ya ghafla mchana je? Watoto wakiichezea? Kwa mawili ya katikati jibu lilikuwa ndiyo, kwa sababu wingu la mvua na upepo wa jioni vyote hupoza kaushio na dirisha linalala lenyewe. Kuhusu watoto, tutaweka kizuizi. Kuhusu kuvunjika, Profesa alimwambia springi ya akiba itakaa kwake, na fundi wa pale pale Igombe atafundishwa kuifunga na baadaye kuisuka.

"Huyo fundi aje leo," mama akasema. Akaitwa. Ni kijana anayechomelea mitumbwi na baiskeli. Alielewa dirisha haraka, kisha akauliza kwa nini springi tumeiweka mahali mvuke wa samaki unapotokea.

2 Juni

Swali la yule kijana limezaa wiki mbili za kazi.

Springi tuliyoiweka kwenye tundu la kutokea hewa imerudi maabara ikiwa na weusi na madoa ya kijani-buluu. Samaki anayekauka, hasa akianza kuharibika kidogo, hutoa amonia na ndugu zake, na amonia ni adui wa zamani wa aloi za shaba. Ubaya wake hauko kwenye rangi. Shaba iliyo chini ya mvuto, ikikutana na amonia na unyevu, inaweza kupasuka kwa ndani bila kupungua unene wala kutoa onyo. Springi yetu iko chini ya mvuto maisha yake yote. Hadubini imeonyesha mwanzo wa nyufa kwenye mipaka ya punje, upande wa nje wa mzingo.

Mmoja wetu akasema basi turudi kwenye nitinoli, ambayo amonia haiisumbui. Ni hoja ya kweli na Profesa aliiheshimu. Mimi nilipinga, na bado napinga. Tatizo la mahali pa kuweka springi ni letu kulitatua. Tatizo la tanuru la ombwe hatuwezi kulitatua mwaka huu, wala yule fundi wa Igombe hawezi kulitatua kamwe.

Tulijaribu rangi na vanishi. Vinapasuka springi inaporefuka.

Kilichokubali ni mrija wa alumini uliozibwa upande mmoja. Upande uliozibwa unaingia ndani ya kaushio, kwenye hewa ya moto. Upande ulio wazi uko nje ya ukuta. Springi inakaa ndani ya mrija, inahisi joto kupitia ukuta wake mwembamba, na inasukuma kijiti kinachotoka nje kuinua bati. Hewa ya samaki haiigusi. Springi inavuta hewa ya ziwa tu.

19 Juni

Tumerudi Igombe na mirija, tena katika siku za giza. Mvua za masika zimekwisha, jua ni kali na upepo mkavu.

Tuliogopa kwamba mrija utachelewesha springi, na kweli umeichelewesha kwa dakika kadhaa. Kumbe ndicho kilichokuwa kinahitajika. Bila mrija, kila wingu lililopita lilifanya bati lishuke na kupanda. Na mrija, wingu dogo linapita springi haijajua, na wingu la mvua linakaa muda wa kutosha kufunga. Mizunguko imepungua sana kwa siku, na kwa aloi za shaba hilo ni maisha, kwa sababu kila mzunguko unaacha uchovu kidogo ndani ya waya.

Ndani ya kaushio lenye springi joto limekaa chini ya lile la kaushio la pili tuliloliacha limefungwa kwa ajili ya kulinganisha, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kati ya saa sita na saa tisa mchana. Mama mwenyekiti hakutazama vipimajoto vyetu. Alichukua dagaa kutoka kila kaushio, akawavunja mmoja mmoja karibu na sikio. Wa kaushio letu walikatika kwa mlio mkavu hadi katikati. Wa lile lililofungwa walikuwa wakavu nje na wenye kunyumbuka ndani. Akatuita tuvunje wenyewe.

Wakati wa kurudi, njia nzima wanafunzi walimbana Profesa kuhusu Daraja la Kigongo–Busisi, lile la kilomita 3 lililofunguliwa Juni 2025: je, aloi hizi zingeweza kuwekwa kwenye nguzo za daraja kama lile? Akawaambia kwamba Seattle, Marekani, mwaka 2017, barabara ya kutokea kwenye njia kuu ilijengwa ikiwa na nondo za nikeli na titani kwenye vichwa vya nguzo zake, ili baada ya tetemeko nguzo zirudi wima zenyewe. Na Italia, Basilika ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi ilifungwa vifaa vya aloi hizi baada ya tetemeko la 1997. Bei ya nondo hizo ni kubwa mno, akasema, na ndiyo sababu watu wanatafuta za shaba na za chuma zenye manganizi. Mwanafunzi mmoja ameomba hilo liwe somo la andiko lake. Bukoba walitikiswa mwaka 2016, ng'ambo tu ya ziwa. Nimeunga mkono.

3 Julai

Springi zilizotoka kwenye subu ya pili zinafungua mapema mno, karibu na nyuzi 40. Manganizi imekaa juu kidogo kuliko subu ya kwanza. Tunazitenga, mkulima wa mboga wa Nyegezi mwenye kitalu cha nailoni amezitaka, na kwa miche joto hilo linafaa kabisa.

Subu ya tatu itapunguzwa manganizi kwa sehemu chache za kumi za asilimia, na vipimo vya uzito vitachukuliwa na watu wawili tofauti. Fundi wa Igombe amekubali kuja karakana siku ya kusubu na kukaa hadi kutumbukiza. Sonara amesema akija apitie kwake pia, kuna jambo la kumwonyesha kuhusu kulainisha waya kwa moto wa taa bila tanuru.

Mashine ya kuchosha springi imeanza kazi maabara: maji moto, maji baridi, usiku na mchana, shaba upande mmoja na waya wa daktari wa meno upande wa pili, kila moja ikiwa na kihesabu chake. Matokeo yataandikwa hapa springi ya kwanza itakapovunjika, iwe ya upande gani.